Bia ya Miezi Saba, Lebo ya Miaka Mitatu

Nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiari, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Kwa miaka ishirini na mmoja kazi yangu ilikuwa kuonja bia kali iliyokomazwa kwenye mapipa ya mbao, kule Myamba, na katika miaka yote hiyo sikumeza hata funda moja. Neema, wewe uliyebaki na funguo za pango, uliniomba nikuandikie namna kazi ile inavyofanywa, kwa kuwa kiwandani hakuna kitabu kinachoieleza. Nitakuandikia. Ila ujue mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Kuna chupa zilizofungwa zikiwa na jina langu na sahihi yangu, na mimi sikuzipitisha. Sasa nimeondoka, na sahihi itakayotafutwa ni yako.

Bia yenyewe ilipikwa Same mjini, karibu na barabara kuu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na umeme wa uhakika na ndiko malori ya shayiri yalikofika bila kukwama. Lakini Same ni joto na vumbi, na bia ya namna hii haikomai kwenye joto, inaharibika tu. Mwanzilishi wa kiwanda, ambaye sote tulimwita Injinia, alilijua hilo. Alipanda milimani kutafuta baridi, akapatana na Mzee Kiondo wa Myamba, akachimba ghala ubavuni mwa shamba lake, likaingia ardhini hatua arobaini. Tukaliita pango. Kipimajoto cha mle ndani kilikaa kwenye nyuzi kumi na saba, kikipanda mbili wakati wa kiangazi na kushuka mbili Julai. Ndiyo siri yote. Watu huja wakitegemea kusikia jambo kubwa zaidi, na huondoka wamevunjika moyo.

Myamba wanaijua dengelua, pombe ya miwa, ambayo ikifikisha siku nne watu huanza kuisema vibaya. Kwa hiyo Injinia alipowaeleza majirani kwamba bia yake italala kwenye pipa miezi kumi na minane, nyingine miaka mitatu, walimtazama kwa huruma.

"Inaumwa nini?" Mzee Kiondo aliuliza.

"Haiumwi, mzee. Inakomaa."

"Miaka mitatu! Tembo wa Mkomazi atakuwa amezaa na mtoto anatembea."

Mimi niliajiriwa kuosha mapipa. Nilizaliwa katika nyumba ambayo pombe haikutajwa hata kwa jina, na kanisa letu halikuitaka hata kwa harufu. Niliomba kazi hiyo kwa sababu kuosha ni kuosha. Mwezi wa pili Injinia alipanga vikombe tisa vya maji mezani. Kimoja kilikuwa na chembe za chumvi, kingine tone la siki, kingine sukari kidogo kuliko inayoweza kushikwa kwa vidole viwili, vingine havikuwa na kitu. Alitupitisha wote, wapishi, madereva na mlinzi. Mimi nilivitaja vyote tisa bila kukosea. Wapishi waliokuwa wakijisifu kwa ulimi walipata vinne. Injinia alisema ulimi wangu haujazoea raha, ndiyo maana unasikia. Sikujua kama ni sifa.

Mchungaji alikuja nyumbani wiki iliyofuata. Habari husafiri haraka mlimani kuliko barabarani.

"Nasikia sasa unaonja pombe, Mama Eliya."

"Naonja na kutema, mchungaji."

"Na siku ukisahau kutema?"

"Nitakuja mwenyewe kukuambia."

Sikuwahi kwenda. Wanawake wenzangu kisimani waliniita yule anayelipwa kwa kutema mate, na nikaona ni maelezo sahihi ya kazi, sahihi kuliko yale yaliyokuwa kwenye barua yangu ya ajira.

Aliyenifundisha mapipa hakuwa Injinia. Alikuwa Mzee Mbonea, seremala wa milango na mizinga ya nyuki, mtu mfupi mwenye kauli fupi kuliko yeye. Mapipa yetu yalitoka Dodoma, yakiwa yamekwisha kutumika kwa mvinyo, na la kwanza lilipovuja hakuna aliyejua kulitengeneza. Mzee Mbonea alilifungua pipa zima, akazipanga mbao zake chini na kuziandika namba kwa mkaa, kisha akashindwa kulirudisha kwa siku tisa. Siku ya kumi lilisimama. Tangu hapo hakuna pipa lililomshinda. Alikuwa akiligonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasema, "Huyu ana kiu," yaani mbao zimekauka, au, "Huyu anajisikia," yaani mbao zimeshiba na zimebana. Nilimwomba anieleze tofauti ya sauti. Akasema, "Gonga mia moja, halafu njoo uniulize." Niligonga mia moja na ishirini. Sikuhitaji kuuliza.

Basi shika haya. Pipa tupu lisikae kavu. Mbao hujikunja na pete za chuma hulegea. Lijaze maji ya moto theluthi, lizungushe, liache lisimame kwa kichwa kimoja mpaka asubuhi, kisha kwa kingine. Kabla ya kujaza bia, weka pua kwenye tundu na uvute pumzi mara moja tu. Ukivuta mara tatu pua inazoea na kuanza kukudanganya. Likinuka zabibu kavu, sawa. Likinuka siki, lisogeze mbali na mengine siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa na watu wanataka kuondoka. Kila mwezi fungua kizibo uongeze bia, kwa maana mbao hunywa, na nafasi inayobaki juu hujaa hewa, na hewa ndiyo adui. Chota kwa mrija wa kioo, kamwe si kwa mpira. Onja saa nne asubuhi, tumbo likiwa si tupu wala si shibe. Kati ya pipa na pipa tafuna kipande cha ugali baridi usio na chumvi na usukutue kwa maji ya uvuguvugu. Usijipake mafuta yenye harufu. Andika kabla hujazungumza na mtu yeyote. Ukizungumza kwanza, utaandika maneno yake.

Na andika kwa maneno yako. Injinia aliniachia vitabu vyake vya Kiingereza, nikavisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila jioni, kwa miaka sita. Vilinifundisha sababu za mambo, na kwa hilo navishukuru. Lakini vilisema bia iliyokomaa inanukia matunda ambayo sijawahi kuyaona, na mtu hawezi kukumbuka harufu asiyoijua. Daftari zangu zinasema ndizi iliyoiva mpaka ikawa nyeusi, sukari guru, ganda la mkate wa jana, ngozi ya kiatu kipya, asali ya nyuki wadogo, moshi wa jikoni kwa jirani. Ziko thelathini na moja kwenye kabati la pango. Zisome kuanzia ya saba. Zile sita za mwanzo ni za mtu anayejaribu kuonekana amesoma.

Kosa langu kubwa liko kwenye daftari ya tisa, nami nakusimulia ili ujue kukosea nakujua, na kwamba nitakayemlaumu hapa mbele hakukosea tu. Mwaka huo masika yalikata barabara, na lori la mnunuzi wa tangawizi halikufika. Unajua Myamba wakati wa mavuno. Kila kibaraza kina magunia. Majirani walikuja wakaniomba wahifadhi tangawizi yao pangoni siku tatu, isiote wala kuoza. Nilikubali. Ningekataaje? Watoto wao walisoma na wangu. Zile siku tatu zikawa kumi na moja. Mle ndani kulikuwa na mapipa manne matupu niliyoyaacha wazi yapumue, nami sikuyakumbuka. Nikayajaza bia. Miezi tisa baadaye nikaonja, na ulimi ukaniambia tangawizi, tangawizi, tangawizi, katika mapipa yote manne.

Nilishuka Same nikamweleza Injinia kila kitu. Akaonja, akacheka mpaka akakaa.

"Mama Eliya, hii ni tamu kuliko ile niliyokusudia."

"Ni tamu. Lakini lebo inasema shayiri, mbao na muda."

"Mteja hatajua."

"Mimi najua, na mimi ndiye ninayeweka sahihi."

Maana hiyo ilikuwa kanuni yake mwenyewe. Kila lebo iliandikwa miezi ambayo bia imelala, jina la mwonjaji, na sahihi yangu kwa kalamu, chupa moja moja, pipa moja likitoa chupa mia tatu hivi. Mkono uliuma. Injinia akaagiza lebo nyingine iliyosema bia ya tangawizi, bila miezi na bila sahihi. Iliisha haraka kuliko zote, na wateja waliulizia kwa miaka miwili. Alipenda kunikumbusha hilo. Lakini hakuniomba tena nisaini nisichokikubali, na sasa ndiyo naona ule ulikuwa uungwana mkubwa. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida.

Injinia alipozeeka alikiuza kiwanda akahamia kwa mwanawe. Mzee Mbonea naye alikuwa amekwisha kurudi kwenye mizinga yake. Wenye kiwanda wapya sikuwahi kuwaona. Walimtuma meneja, Bwana Godlisten, kijana msafi, mwepesi wa hesabu, aliyeokoka na asiyegusa pombe. Hilo la mwisho sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa vilevile. Alinisalimia vizuri kila mara, "Shikamoo mama," hata kwenye simu, hata siku alizokuwa akinifanyia ubaya. Lazima niseme ukweli huo.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la hisani. Alipanda Myamba akanikuta nikisaini lebo, akatikisa kichwa.

"Mama, mkono wako utakufa ganzi. Karne hii? Hebu nisainie hapa, kubwa kubwa, kwenye karatasi nyeupe. Nitakuchongeshea muhuri pale stendi."

"Muhuri utakaa wapi?"

"Utakaa kwako, mama. Wa kwako huo."

Nikasaini. Hapo, Neema, ndipo nilipokosea mara ya pili, na safari hii hakukuwa na jirani wa kumwonea huruma. Fundi wa mihuri alikuwa mtu wa bidii kupita kiasi. Sahihi yangu imepinda na inashuka upande wa kulia. Yeye aliinyoosha, akaizungushia mkia mzuri chini. Muhuri ulioletwa kwangu ulikuwa mmoja. Sikujua kwamba alichonga miwili.

Jambo la pili lilikuwa banda. Bwana Godlisten aliona kupandisha bia Myamba na kuishusha ni upotevu. Akajenga banda la bati nyuma ya kiwanda, Same, akaweka humo mapipa kumi na manne mapya na kuyajaza. Nilipoambiwa niliomba kwenda kupima. Saa nane mchana kipimajoto kilisoma thelathini na nane. Nilimwambia kwamba kwenye joto hilo mbao zitatoa ukali wote kwa pupa, bia itavuta hewa, na wadudu wa siki watanenepa.

"Mama, ndiyo faida yenyewe," akasema. "Joto linaharakisha. Nimepiga hesabu. Mwezi mmoja wa Same ni kama miezi mitano ya Myamba."

"Hesabu hiyo umeionja?"

"Mimi situmii, mama. Unajua."

"Basi mpe anayeonja."

Miezi saba baadaye aliniita kuonja. Nilipita mapipa yote kumi na manne kwa asubuhi mbili. Matatu yalikuwa siki kabisa. Mengine yalikuwa na ladha ya mbao mbichi, kama mtu aliyelamba mlango, na nyuma yake ladha ya karatasi iliyolowa, ambayo ndiyo alama ya hewa. Niliandika taarifa ya kurasa mbili, pipa kwa pipa, na mwisho wake nikaandika: hakuna linalofaa kutiwa kwenye chupa kwa sahihi yangu. Nikamkabidhi mkononi. Alisema, "Asante sana mama, nitaifanyia kazi." Nikarudi Myamba, nikaamini.

Mwezi mmoja baadaye ukaja mwaliko. Kiwanda kinazindua bia mpya, wazee wa Myamba waalikwe kama wageni wa heshima kwa kuwa pango liko kwao, na mimi nije nao. Nilidhani ni yale mapipa sita ya pangoni niliyoyapitisha robo mwaka ile. Tulishuka Mzee Kiondo, wazee wenzake watatu na mimi. Maturubai yalifungwa, muziki ukapigwa, mshereheshaji alikuwa na suti inayong'aa. Wanunuzi wa hoteli mbili walikaa mbele. Mimi niliwekwa safu ya nyuma pamoja na wapishi. Chupa zikapangwa mezani, nikaishika mojawapo. Lebo ilisema: imekomazwa miaka mitatu. Chini yake jina langu, Nakijwa, na chini ya jina sahihi, imenyooka, ina mkia.

Nitakueleza nilichofanya, na sijisifu. Sikufanya kitu. Nilijiambia kwamba kuna wageni, kuna wazee, si adabu kumwaibisha mtu kwenye shughuli yake, nitazungumza naye Jumatatu ofisini. Chupa karibu elfu nne zilikuwa na jina langu, nami nikawa napanga maneno ya Jumatatu.

Wahudumu wakamimina. Hotuba zikasomwa. Mshereheshaji akawaomba wazee wa Myamba wafungue, wanywe kwanza. Wazee wanne walishika glasi zao, wakazitazama, wakatulia. Hakuna aliyeinua.

"Wazee wetu, vipi?" mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti. "Au mnasubiri nyama?"

"Tunamsubiri mwenye pombe," akasema Mzee Kiondo.

Wewe ni wa Myamba, huhitaji kuelezwa. Lakini kwa atakayesoma baada yako: kwetu hakuna mgeni anayetangulia kunywa. Aliyeleta pombe hunywa kwanza, mbele ya macho ya watu, anameza, ndipo kibuyu kinapozunguka. Anayewapa watu asichokinywa yeye ana jambo.

"Mwenye pombe ni kampuni, mzee wangu," mshereheshaji akasema.

"Kampuni ina mdomo?"

Watu wakacheka. Bwana Godlisten akasimama, naye akicheka, akaja karibu. "Wazee wangu shikamooni. Mimi nimeokoka, situmii. Naomba mniwie radhi, ninyi endeleeni tu."

"Marahaba. Hongera kwa kuokoka," Mzee Kiondo akasema. "Tupe ambaye bado hajaokoka."

Vicheko vikazidi, lakini glasi hazikuinuka. Mnunuzi mmoja wa hoteli alikuwa ameinua yake, akaishusha polepole. Ndipo Mzee Kiondo alipovaa miwani, akaizungusha chupa na kuisoma kwa sauti, kama anavyosoma barua za watu: imekomazwa miaka mitatu, Nakijwa, mwonjaji. Akageuka akanitafuta nyuma.

"Kumbe mwenyewe yupo! Mama Eliya, sahihi si ni yako? Njoo utuanzishie, mwanangu. Koo zimekauka."

Nilitembea mpaka mbele. Mhudumu akanipa glasi. Nikafanya nilivyofanya kwa miaka ishirini na mmoja: nikaitazama kwenye mwanga, nikanusa mara moja, nikachukua funda, nikalizungusha, nikahesabu mpaka kumi. Pale palitakiwa kumeza. Kila mtu alikuwa akitazama koo langu. Hapakuwa na ndoo. Nikainama pembeni nikatema chini, kwenye vumbi, mbele ya wageni wote.

Mshereheshaji alizima muziki ambao hakuna aliyemwomba auzime.

Nikasema, kwa sauti ile ile ninayosomea taarifa: "Miezi minane, kwenye bati. Mbao mbichi. Karatasi iliyolowa. Siki inaanza. Haikupitishwa. Na sahihi hii si ya mkono wangu, ni ya muhuri ambao sijawahi kuushika."

Mzee Kiondo aliweka glasi yake mezani, imejaa. Wa pili akaweka yake kando ya ile ya kwanza, na wa tatu, na wa nne, zikakaa mstari. Kisha wanunuzi wa hoteli wakaweka zao, wakachukua mikoba. Wapishi walikuwa wamekwisha kunywa, masikini. Walikuwa nyuma na hawakuwa wamesikia.

Bwana Godlisten alinivuta kando ya banda.

"Mama, umenivua nguo mbele za watu."

"Nguo ulizovaa zilikuwa zangu, Bwana Godlisten."

"Nimekukosea nini? Nimekuheshimu kama mama yangu mzazi!"

"Mama yako mzazi ungemsainia?"

Naamini mpaka leo hakuelewa swali, na hilo ndilo linalonikera kuliko muhuri wenyewe. Kwake, jina langu lilikuwa kitu kimojawapo cha kwenye chupa, kama gundi. Aliniona mtu mkaidi anayenyima kampuni gundi. Mtu anayeiba akijua anaiba, mnaweza kukaa mkaelewana. Huyu alinishukuru kwa taarifa yangu ya kurasa mbili, akaiweka kwenye faili, akafunga faili vizuri.

Jumatatu niliitwa ofisini. Mezani palikuwa na barua ya kuomba radhi, iliyochapwa, ikieleza kwamba siku ya uzinduzi niliugua homa na ulimi ukapoteza ladha, na kwamba nasikitika kwa usumbufu. Nilitafuta pa kusaini ili nikatae kusaini. Palikuwa pamekwisha kusainiwa. Imenyooka, ina mkia.

"Tuliona tukuondolee usumbufu, mama," akasema.

Nikaiacha mezani, nikaomba karatasi nyeupe, nikaandika kwa mkono barua ya kustaafu kwa hiari. Hoteli zile mbili hazikurudi. Mapipa kumi na manne bado yako chini ya bati, matupu, mbao zikijikunja, na chupa zile, nimeambiwa, zinauzwa moja moja kwenye vibanda vya barabarani kwa wasafiri wasiouliza. Mapipa kumi na moja yako pangoni mikononi mwako, Neema. Hayo ni mazima. Namba nne liko miezi kumi na sita na litakudanganya kwa utamu, lisubiri. Wakikuambia usaini kubwa kubwa kwenye karatasi nyeupe, waambie mkono wako hauumi.

Ningetamani kumalizia hapo. Lakini wiki mbili baadaye nilipigiwa simu niende kwa karani wa utumishi, msichana mpole aliyeajiriwa mwaka huu. Barua yangu ya kustaafu ilikuwa imerudishwa.

"Mama, samahani. Sahihi hailingani na iliyo kwenye faili lako."

Akanionyesha kadi. Mwaka jana waliwabadilishia watumishi wote kadi za sahihi, na kwa kuwa mimi nilikuwa mbali, Myamba, walinisaidia.

"Hiyo ni ya muhuri wa mpira, mwanangu. Ya mkono ni hii."

"Naelewa, mama. Ila mfumo unataka ifanane na ya kwenye kadi. Sasa tufanyeje?"

"Mstaafisheni mpira."

Alicheka kwa adabu, kisha akaona sikucheki. Akatoka kuulizia, akarudi na jibu. Kuna utaratibu kwa watu wasioweza kutoa sahihi. Akafungua kasha la wino wa zambarau, akanishika mkono wa kushoto taratibu kama anayemshika mgonjwa, akabonyeza dole gumba langu kwenye barua niliyoiandika mwenyewe, mistari kumi na minane, bila kosa hata moja.

"Bado sehemu moja ya fomu," akasema akipuliza wino ukauke. "Elimu. Mama ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

Akaandika, akaitazama ile alama ya dole, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa kila kitu.